Puli Mpya, Mlio Uleule: Kisa cha Tensheni ya Mkanda Gerejini Arua

Usuli

Gari la kisa hiki ni la Kijapani, la petroli, viti saba, lililoingia Uganda likiwa limeshatumika kwao, kama yalivyo mengi tunayoyashika hapa. Linabeba abiria kati ya Arua na Koboko, mara nyingine hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Zikipatikana safari za upande wa Yumbe, linapeleka watu Bidi Bidi kwenye makazi ya wakimbizi. Arua hadi Oraba ni lami. Ukiiacha lami unakutana na marram, yaani barabara ya udongo, na kiangazi cha Desemba hadi Februari vumbi lake jekundu huingia mpaka ndani ya kichujio cha hewa na kukaa humo kama unga wa matofali.

Jina la mwenye gari, namba na aina ya gari, pamoja na gereji ya kwanza iliyolishika, nimeviacha makusudi. Gereji ya pili ni yetu. Kosa lililoko katikati ya kisa hiki ni letu pia, na kwa sababu hiyo naona lina faida kulieleza.

Injini hii ina mkanda mmoja wa nje wenye mifereji sita. Puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, inauzungusha, nao unazungusha alteneta, wota pampu, pampu ya stering na kompresa ya AC. Usiuchanganye na taimingi. Taimingi ya injini hii ni ya cheni, kwa hiyo mkanda wa nje ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Kinachouweka mkanda ukaze ni tensheni: mkono wa chuma wenye springi, umefungwa kwenye injini kupitia bushi, yaani bomba fupi ambamo shina la mkono hugeuka, na kwenye ncha yake kuna puli laini isiyo na mifereji, inayokanyaga mgongo wa mkanda. Ndani ya puli kuna beringi. Puli ya krenki tuliipima ikawa na kipenyo cha milimita 140, ya tensheni 70. Maana yake krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ile ndogo inazunguka mara 6,000. Inakimbia kiasi hicho huku imebanwa na springi mchana kutwa.

Mambo yalivyofuatana

Dalili ya kwanza ilikuwa mlio wa asubuhi. Mwenye gari, mzee wa makamo aliyeendesha miaka mingi, alitueleza baadaye: "Alikuwa analia kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Jua likipanda ananyamaza." Alilipeleka kwenye gereji iliyo karibu na stendi, wakabadilisha mkanda. Mlio ukaisha kwa siku nne. Uliporudi, wakapuliza dawa ya mkanda, ile ya kopo inayonata. Ukaisha tena, safari hii kwa siku moja na nusu.

Niseme kidogo kuhusu dawa hiyo, na binamu yake kipande cha sabuni. Vyote viwili vinanyamazisha mlio bila kuugusa ugonjwa. Dawa inayonata pia inakusanya vumbi, na kwa barabara zetu vumbi likishanata kwenye mifereji linageuka msasa. Gerejini kwetu kopo hilo haliingii.

Wiki ya tatu sauti ilibadilika, ikawa mkwaruzo mzito, asubuhi na mchana. Jioni moja, kama kilomita kumi na tano kabla ya Koboko, taa ya betri ikawaka, stering ikawa ngumu ghafla, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Dereva alisimama palepale na kuzima injini. Abiria walimsihi asogee tu, Koboko si pale? Alikataa. Rafiki yake alikuja na kamba, wakalivuta gari hadi Arua usiku.

Kesho yake asubuhi tulifungua boneti. Mkanda ulikuwa nyuzi tupu, umejizungushia shafti ya alteneta. Puli ya tensheni ilikuwa imekwama, haizunguki hata kwa nguvu, na uso wake umegeuka rangi ya buluu kwa joto. Kichwa cha boliti yake kilikuwa kimeliwa pembe. Mtu alishajaribu kuifungua akashindwa, na sababu iko wazi: boliti hiyo ina hesi za kushoto. Inafunguka kwa kuizungusha kulia, kinyume na mazoea ya mkono. Aliyejaribu kabla yetu alikuwa anaikaza kwa nguvu zake zote. Si magari yote yana boliti ya namna hiyo, lakini kwenye puli za tensheni zipo za kutosha kukufanya uangalie kwanza kabla ya kuning'inia kwenye spana. Tuliipigia soketi ndogo kwa nyundo mpaka ikashika, tukaizungusha kulia, ikatoka kwa kelele.

Beringi tuliipasua ili tuone. Kifuniko cha mpira upande wa nje kilikuwa kimelegea, na grisi ndani imegeuka rangi ya chai ya rangi, yenye chembe za kutu. Maji. Nilimuuliza mzee kama anaosha injini. Alishangaa swali lenyewe: kila Jumamosi, pale wanapoosha magari, kwa mashine ya presha. Gari la abiria lazima ling'ae, alisema, hata chini ya boneti.

Tukabadilisha beringi, tukaweka mkanda mwingine, gari likanyamaza kabisa. Lilirudi baada ya wiki tatu.

Safari hii sauti haikuwa ya beringi. Ilikuwa mlio mfupi mfupi, wa kukatika, unaofuata mzunguko wa injini. Ukingo mmoja wa mkanda mpya ulikuwa umechanika, nyuzi nyeupe zinaning'inia. Tulifanya jaribio la maji: injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta, unanyunyizia maji kidogo upande wa mifereji ya mkanda, mbali na vidole. Mlio ukizidi, mkanda unateleza kwa sababu haukazwi vya kutosha. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, kuna puli iliyokaa upande. Usipobadilika hata kidogo, tafuta beringi. Wetu ulinyamaza, nikahesabu kama sekunde nane, ukarudi.

Tukatoa mkanda. Puli yetu ilizunguka vizuri, kimya, na kusimama baada ya mizunguko miwili, kama inavyotakiwa. (Puli inayozunguka muda mrefu kama pia ya watoto, watu huisifu, kumbe imeishiwa grisi.) Kwa macho ilikuwa wima kabisa. Hapo ndipo tulipokwama kwa karibu nusu saa, na mimi nikaanza kuilaumu kompresa ya AC.

Aliyefungua fumbo ni mwanagenzi wetu. Aliuliza, "Fundi, si tulikuwa tunaiangalia ikiwa imelala? Mkanda ukiwepo huwa inasukumwa." Turudishe mkanda, tupime ukiwa umekaza. Tukafanya hivyo, injini imezimwa. Akalaza rula ya chuma kwenye uso wa puli ya tensheni, ncha nyingine ikafika kwenye puli ya jirani. Juu kulikuwa na mwanya wa milimita mbili zaidi kuliko chini. Puli ilikuwa imeinama. Tukitoa mkanda inanyooka, tukiurudisha inainama. Nikaishika puli kwa mikono miwili na kuitikisa kuelekea radieta na kurudi, si kuizungusha. Mkono mzima wa tensheni ulicheza kwenye shina lake. Bushi ilikuwa imekwisha. Kwenye shina, pale mkono unapokutana na nyumba ya springi, kulikuwa na mwezi mchanga wa chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, na chini yake unga mweusi. Alama ile ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Tuliifuta kwa kitambaa tukidhani ni uchafu wa mkanda uliochanika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kubadilisha mkanda peke yake, haukuwa wetu, ila nauelewa. Mkanda ndio rahisi kujaribu, na mkanda mpya una mpira laini unaoshika hata puli iliyoinama, kwa hiyo unanyamazisha kwa siku chache na fundi anaonekana amepatia. Mkanda uliotolewa mzee alikuwa nao kwenye buti. Haukuwa na ufa hata mmoja. Hilo lenyewe halisemi chochote: mikanda ya zamani ilikuwa inapasuka nyufa inapozeeka, hii ya sasa ya mpira wa EPDM haipasuki, inaliwa polepole ndani ya mifereji. Kina cha mifereji yake kilikuwa bado kizuri. Ulitolewa ungali mzima.

Uamuzi wa dereva kusimama njiani ndio uliookoa injini. Wota pampu iko kwenye mkanda huohuo. Taa ya betri ikiwaka pamoja na stering kuwa ngumu, mkanda umeondoka, na maji hayazunguki tena. Wengi husubiri geji ya joto ipande ndipo wasimame. Angesogea zile kilomita kumi na tano kwa kuwaridhisha abiria, leo tungekuwa tunaandika habari za kifuniko cha silinda kilichopinda na gasketi iliyoungua.

Uamuzi wa tatu ni wetu, na ndio wa kuangalia kwa makini. Siku ile tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kupachika beringi mpya kwenye puli ileile; uso wake ulikuwa umeungua rangi lakini haukuwa na mikwaruzo. Ya pili, puli mpya. Ya tatu, tensheni nzima. Beringi ilikuwa 6203, yaani tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12. Hiyo inapatikana Arua kwenye duka lolote la spea, hata kwa wauza spea za pikipiki. Tulichukua yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili kwa shilingi 12,000. Puli peke yake haikuwepo mjini. Tensheni nzima ilikuwa Kisekka, soko la spea la Kampala, shilingi 180,000 ikiwa mpya, na basi la usiku lingeifikisha asubuhi ya pili. Mzee alikuwa na abiria wa kukodi kesho yake alfajiri.

Tukachagua beringi. Kazi yenyewe ilifanywa sawa: tuliisukuma ndani kwa jiriwa, tukiegemeza soketi pana kwenye ringi ya nje tu. Ukiisukuma kwa ringi ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha vidonda kwenye njia yao, na beringi mpya inaanza kunguruma wiki hiyohiyo. Boliti iliyoliwa kichwa tuliichonga kwa tupa na kuirudisha, kwani ya hesi za kushoto haikupatikana. Mkanda tulinunua kwa kusoma namba kwenye kipande kilichobaki. 6PK ni mifereji sita, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Bei yake 45,000.

Ambacho hatukufanya ni kuutikisa mkono. Hatukufanya kwa sababu puli iliyokwama ilikuwa jibu tosha. Ukishakuta maiti mlangoni huendi kutafuta chumbani.

Uamuzi wa nne, wiki tatu baadaye, ulikuwa kuagiza tensheni nzima. Mzee alitaka ya used, ambayo Kisekka ilikuwa nusu bei. Nilimwambia, "Mzee, kilichokufa kwako ni bushi, na ya used ina bushi iliyokwisha tembea Japani na Uganda. Mimi siifungi." Alinuna kidogo, akatoa hela ya mpya. Kabla ya kulipa tulimwomba muuzaji atutumie video kwa WhatsApp akiushika mkono na kuutikisa. Alicheka, lakini akatuma.

Matokeo

Tensheni ilifika kwa basi ikiwa na puli yake na boliti yake mpya. Kabla ya kutoa mkanda tulipiga picha ya unavyopita, kisha tukaufunga mpya, kwa kuwa ule wenye ukingo uliochanika haukufaa tena. Spana ndefu kwenye mkono, pini kwenye tundu la kufungia springi, mkanda ukapita, pini ikatoka. Rula ya mwanagenzi ilionyesha mwanya sawa juu na chini.

Gari lilirudi kwa ukaguzi baada ya kilomita 5,000 na tena baada ya 11,000. Mkanda uko katikati ya puli zake, kingo safi.

Uchambuzi

Gharama za spea peke yake: mikanda mitatu 135,000, beringi 12,000, tensheni 180,000. Jumla 327,000. Kama tensheni ingeagizwa siku gari lilipovutwa na kufungwa na mkanda mmoja, jumla ingekuwa 270,000 pamoja na mkanda wa gereji ya kwanza. Na kama gereji ya kwanza ingeutikisa mkono, hata mkanda wa kwanza usingenunuliwa. Hapo sijahesabu siku ambazo gari lilisimama. Ufundi wa mara ya pili hatukumtoza. Kulikuwa na mabishano kati yetu kuhusu mkanda wa tatu, nani aulipie. Mwenzangu alisema mteja alipewa alichokihitaji siku ile na alikipokea kwa furaha. Mimi naona tuliula sisi, kwa sababu tulifunga mkanda mzima juu ya mkono mbovu. Tuligawana na mzee nusu kwa nusu, na sidhani kama kuna aliyeridhika.

Je, beringi ilikuwa kosa? Hapa sikubaliani na wanaosema usibadilishe beringi kamwe, nunua tensheni. Aliye Kampala, dakika kumi kutoka Kisekka, ana haki ya kusema hivyo. Aliye Arua, na mteja ana abiria alfajiri, beringi ya 6203 iliyopachikwa vizuri ni dawa halali, na tumezifunga kwenye magari mengine zikakaa. Kosa lilikuwa kuifunga bila kuuchunguza mkono, na baya zaidi ni kumkabidhi mzee gari kana kwamba kazi imekwisha. Tungetikisa mkono siku ile, bado pengine tungefunga beringi ili asikose safari yake. Lakini tungemwambia: hii ni ya siku nne, tensheni iko njiani kwenye basi. Mkanda wa pili usingepata muda wa kuchanika.

Kuhusu chanzo, kulikuwa na mambo mawili yaliyosaidiana. Puli iliyoinama inaisukuma beringi kwa ubavu, na beringi za gololi za aina hii zimetengenezwa hasa kubeba mzigo unaotoka juu; wa ubavuni zinaubeba kiasi tu. Zinavumilia mwinamo mdogo sana. Halafu maji ya presha yakasukumwa kupita kifuniko cha mpira, yakaosha grisi. Moja peke yake lingechukua muda mrefu zaidi. Vumbi la marram kwenye bushi ya mkono nalo lina sehemu yake, ingawa bushi ya gari lililotumika miaka mingi haihitaji sana msaada ili iishe.

Jambo moja lililofaulu na ambalo halikuwa letu ni masikio ya dereva. Alipotuletea gari mara ya pili alisema, "Huyu si yule wa kwanza. Yule alikuwa anakoroma, huyu anadonoa." Mafundi tuna tabia ya kusikia neno "analia" na kuacha kusikiliza maneno yanayofuata. Kukoroma ni beringi. Kudonoa, kwa kufuata mzunguko, ni mkanda unaopanda ukingo. Alikuwa ametupa jibu kabla hatujafungua boneti, na bado nilipoteza nusu saa na kompresa.

Sasa gerejini kwetu puli ya tensheni inakaguliwa mara mbili: mkanda ukiwa umekaza, kwa rula, na mkanda ukiwa umetolewa, kwa mikono miwili. Unga mweusi kwenye shina la mkono haufutwi mpaka mtu wa pili ameuona. Rula yenyewe ilinunuliwa na mwanagenzi kwa hela yake, ameiandika jina, na haiazimwi.

Hilo la kuosha injini tumeshindwa naye mzee. Kila Jumamosi yuko palepale, mashine ya presha inanguruma, boneti juu. Alichokubali ni kimoja: siku hizi anafunga kaveera, mfuko wa plastiki, upande wa mkanda kabla hawajafungua maji.